Kamba ya Kijiaskari

Mfamasia alikuwa na kabati la vioo sebuleni, limejaa vijiaskari vya bati, kila kimoja urefu wa kidole. Alivipaka rangi mwenyewe siku za mapumziko. Alikuwa na majeshi ya kila aina, lakini rafu ya katikati, ile iliyowekewa taa, ilikuwa ya Kofia Nyeusi, kikosi kilichofagia vijiji wakati wa vita vya zamani. Mkewe alishamuuliza kwa nini hao. Alijibu kuwa historia ni historia, na tena hao wengine wanachosha. Hilo la pili ndilo lilikuwa kweli zaidi.

Mteja wake mmoja wa dawa za presha, mzee mpole ambaye dukani walimwita Mzee Miwani, alisikia habari za vijiaskari akaomba kuviona. Mfamasia akafurahi, maana nyumbani hakuna aliyevitilia maanani. Akamkaribisha Jumapili.

Mzee alisimama mbele ya kabati, mikono mgongoni. Kisha akacheka chinichini, kama mtu aliyekuta picha yake ya ujanani.

"Ndivyo tulivyokuwa kabisa, mwanangu," alisema. "Ila umesahau kamba."

"Kamba gani, mzee?"

"Kila mmoja wetu alikuwa nayo kiunoni, upande wa kushoto. Ya kufungia watu mikono."

Moyo ulimdunda mfamasia, na haikuwa hofu. Hakuna kitabu kilichowahi kumwambia habari za kamba. Akaenda mbio kuleta uzi na gundi, akauliza ilikuwa nene kiasi gani, ya katani au ya nailoni, ilizungushwaje. Mzee akamwelekeza kwa subira. Mke wa mfamasia alikuwa ameingia na chai. Akaiweka mezani, akasimama kidogo, akaondoka bila kumkaribisha mgeni.

Wakati wa kuagana mzee alimshika mkono, hakuuachia upesi. Alilalamika kuwa wanawe wanatoka chumbani kila akianza habari za vita.

"Wewe tu ndiye umetuheshimu," alisema.

Mfamasia akamwambia karibu tena.

Jikoni alimkuta mkewe anaosha vikombe.

"Ulimuuliza unene wa kamba," mkewe alisema bila kugeuka. "Hukumuuliza aliwafunga akina nani."

Alitaka kusema ilikuwa adabu tu kwa mgeni. Lakini alijiona alivyokimbilia uzi, alivyoinama mezani na yule mzee, vichwa karibu vigusane, na uso ukamwaka moto.

Kesho yake alivifunga vijiaskari kwenye magazeti, akavitia sandukuni. Mkewe hakumsifu.

Wiki iliyofuata mzee alikuja dukani na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na kofia nyeusi ya kweli, imefubaa. Alisema akifa wanawe wataitupa, bora ikae kwa mtu anayejua thamani yake. Mfamasia alikuwa na la kumwambia, kwamba vile vijiaskari keshavifungia, tena alishalifanyia mazoezi njiani kuja dukani. Lakini wateja walikuwa kwenye foleni, wanatazama. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Akauweka mfuko chini ya kaunta, akamhudumia mama mwenye mtoto wa kikohozi, akamhudumia na wa nyuma yake. Duka lilipobaki tupu aliinama, akaufungua, aone kama rangi ya beji ya ile kofia ndiyo ile aliyoipaka kwenye vijiaskari vyake.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Akabaki ameinama palepale, hataki kuinua uso, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.