Utepe wa Mgeni Rasmi

Hebu niambie, mtu mwenye akili zake anafungaje utepe mwekundu kwenye mashine ya kumsaidia mtoto kupumua, halafu anaiacha ikae? Ndivyo ilivyokuwa katika wodi moja ya watoto jijini Kigali. Mashine imesimama ukutani tangu Jumatatu, nailoni haijatolewa, inamsubiri mgeni rasmi aje Ijumaa akate utepe na kupigwa picha.

Aidah, fundi cherehani wa soko la Kimironko, alikuwa akiitazama tangu Shami, binti yake mchanga, alipolazwa kwa nimonia. Leo Alhamisi mbavu za mtoto zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi, na midomo imeanza kuwa ya kijivu. Oksijeni ya puani haimtoshi tena. Chumba cha mahututi kimejaa.

"Muganga, mashine ile si ya watoto?" alimuuliza Bayingana, daktari mkuu wa wodi.

"Ni ya watoto, lakini haijazinduliwa. Ihangane, mama."

Ihangane! Vumilia! Neno hilohilo ndilo daktari huyo alilomwambia Nyirarukundo, mama wa kitanda cha jirani, siku ya Jumanne. Jumatano mtoto wa Nyirarukundo akazikwa. Kitanda chake kikatandikwa shuka jipya, eti kwa heshima ya mgeni.

Hasira zilimpanda Aidah mpaka masikio yakawaka. "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mgeni wako hata hajafika, na wenyeji wanakwisha!"

Bayingana akatazama simu yake, akatoka kwenda kukagua mahema ya sherehe.

Haya. Aidah akafungua mkoba, akatoa mkasi wake wa kazi, akaenda moja kwa moja ukutani. Kacha! Utepe ukaanguka. Akamgeukia nesi Gahongayire.

"Dada, ulifundishwa kuitumia?"

"Nilifundishwa."

"Basi imeshazinduliwa."

Gahongayire alikuwa na watoto wa kusomesha na bosi wa kuogopa. Alimtazama Shami, kisha akaichana ile nailoni. Akaunganisha mipira, akatia maji kwenye chupa, akamwekea mtoto vimipira viwili puani. Maji yakaanza kububujika kama sufuria ya maharage jikoni. Taratibu mbavu zikaacha kubonyea, midomo ikarudisha rangi. Aidah akakaa sakafuni akalia kwa sauti, wala hakuona aibu.

Bayingana aliporudi alishika kichwa. "Nani amekata? Kesho mgeni atakata nini? Wewe si fundi? Lete huo utepe uushone sasa hivi!"

Aidah alisimama. Akaukunja utepe vizuri, kama kitambaa cha mteja, akautia mkobani.

"Huu nampelekea Nyirarukundo," alisema. "Mgeni wako akitaka kuukata, aende akamwombe yeye."