Dakika Nne Kikopey

"Mathe, umepotea?"

Mwanamume aliyeuliza alikuwa amebeba mzigo wa nyasi za ng'ombe kichwani, na hakuushusha. Eucabeth aliitazama ramani yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sijapotea. Natafuta kitambaa."

"Kitambaa?"

"Cheupe na rangi ya machungwa. Kimetundikwa mahali hapa msituni."

Yule mwanamume alimtazama viatu, akaitazama namba iliyobandikwa kifuani pake, kisha akasema kwa huruma, "Pole sana," na kushika njia yake katikati ya mikaratusi ya Menengai.

Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya msimu, mwezi wa Februari. Eucabeth alitoka msituni baada ya saa tatu nzima. Meza ya waamuzi ilikuwa imekunjwa, wakimbiaji wamekwenda zao, na aliyebaki ni Kipketer peke yake, ameketi juu ya jiwe akimngoja. Kipketer alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na ndiye aliyeanzisha chama cha mbio za ramani hapa Nakuru.

"Umepata vituo vingapi?"

"Vinne."

"Kati ya kumi na viwili," alisema Kipketer taratibu. "Lakini umerudi mwenyewe. Kuna mwaka nilimtafuta daktari mzima mpaka jua likazama."

Lawama ya Eucabeth kuwa msituni, kama ipo, ilikuwa ya Kipketer. Novemba iliyopita alifika kwenye kibanda cha Eucabeth kule Kaptembwo kuagiza vitambaa thelathini, kila kimoja nusu cheupe, nusu rangi ya machungwa. Eucabeth, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona sare za shule, akamuuliza vya nini. Kipketer akamweleza: vitatundikwa msituni, nyuma ya mawe na mabondeni, na wakimbiaji watavitafuta kwa ramani na dira, kimoja baada ya kingine. Kila mkimbiaji huvaa kifaa kidogo kidoleni, na penye kila kitambaa, chenye namba yake kuanzia thelathini na moja, kifaa hicho hulia "pip". Anayemaliza mapema bila kuruka kituo ameshinda.

Eucabeth alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kila alichoshona kiliondoka mgongoni mwa mtoto wa mtu, asijue kimefika wapi. "Hivi vyako," alimwambia Kipketer, "nataka kuona vinakoenda."

Sitati, mume wake, ambaye ni fundi wa kuchomelea milango, alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Joyline, yaani ushone kitambaa, kifichwe, halafu uanze kukitafuta wewe mwenyewe?"

Aprili ikawa zamu ya msitu wa Bahati. Huko Eucabeth alikimbia vizuri, akamaliza, akainua mikono kama amepewa gari. Kisha Kipketer akasoma kile kifaa na uso ukamsawijika.

"Mama, umegusa kituo namba thelathini na nne, cha njia ya wengine. Chako kilikuwa arobaini na tatu."

"Si namba zimegeuka tu!"

"Zimegeuka, ndiyo. Kituo ndicho hakikugeuka."

Akaondolewa. Alikwenda kukaa nyuma ya gogo, ajifute machozi mahali asipoonekana, na huko ndiko mshindi wa siku hiyo alikomkuta. Jina lake Wangu, mkulima wa viazi wa papo hapo Bahati, mwanamke mfupi mwenye miguu migumu kama mpini wa jembe.

"Wacha kulia," Wangu alisema, akimpa kiazi kilichochemshwa. "Mimi mwaka jana nimeondolewa mara mbili. Mara ya pili ramani ilipeperushwa na upepo, nikaamua kufuata mbuzi. Nikadhani wanajua njia."

"Walikuwa wanaenda wapi?"

"Kwa shamba la kabeji la wenyewe. Nilifukuzwa pamoja nao."

Eucabeth alicheka mpaka kiazi kikampalia. Tangu siku hiyo hawakupitisha wiki bila kupigiana simu.

Mwezi wa Mei, asubuhi moja, alikuwa akilivisha gauni sanamu lake la kushonea. Muda mfupi kabla, kitambaa kilikuwa bapa mezani, kina mistari ya chaki tu. Alipokibana pini juu ya sanamu, kifua kikajitokeza, kiuno kikaingia ndani. Mkono wake ukasimama. Aliitoa ramani ya Bahati kutoka kwenye droo, akaitandaza kando ya gauni. Ile mistari ya kahawia iliyojipindapinda, ambayo muda wote aliiona kama uchafu wa kalamu, sasa ilikuwa inasema. Iliposongamana, nchi ilikuwa imevutwa ikawa mlima mkali. Ilipoachana, ililegea. Ilipojikunja pembe, hapo palikuwa na mkunjo, bonde.

"Kumbe!" alisema peke yake kibandani. Alikuwa akitafuta barabara kwenye karatasi iliyokuwa ikimweleza umbo.

Eburru, mwezi wa Juni, mvua ilinyesha na ukungu ukafunika njia. Wengine walizunguka wakiitana. Eucabeth alishuka na mikunjo ya mlima, mmoja baada ya mwingine, akawashinda wanawake wote waliopita miaka arobaini kwa dakika saba. Sitati hakucheka tena. Aliitundika medali kwenye karakana yake, na hakuna mteja aliyeondoka na mlango bila kuambiwa habari za Eburru.

Ikabaki Kikopey, mwezi wa Agosti. Kikombe cha msimu hutolewa kwa kuhesabu mbio mbili bora za kila mtu. Wangu alikuwa ameshinda moja, Eucabeth moja. Atakayemshinda mwenzake siku hiyo angekichukua.

Sitati alikuja, amevaa koti lake la kanisani.

Katika mbio hizi watu hawaanzi pamoja, wasije wakafuatana. Eucabeth alitangulia. Wangu angeanza dakika nne baada yake.

"Tuonane kwa nyama," Wangu alisema.

"Tuonane."

Kikopey ni nchi ya mawe, na vichaka vya leleshwa huota popote pale palipobaki udongo. Vituo vitano vya kwanza Eucabeth alivikuta kama mtu anayefungua kabati lake. Kati ya cha sita na cha saba palikuwa na mlima. Njia ya gari iliuzunguka kwa mbali, laini, ya kushawishi. Aliisoma ile mistari ya kahawia, akaona mkunjo mmoja uliopanda polepole mpaka juu na kushuka upande wa pili, akauingia. Alipanda kwa mwendo mmoja, kama anayepitisha mkasi kwenye kitambaa kizuri bila kuinua mkono. Alipofika juu, Ziwa Elementaita lilikuwa chini yake, jeupe, na alijikuta akicheka kwa sauti mahali pasipo na mtu.

Kituo cha mwisho ndicho kilichomponza. Alisikia sauti ya Sitati: "Mama Joyline! Huku! Huku!" Akasahau ramani, akaikimbilia sauti, akalipita korongo lenye kitambaa. Alipogundua, alikuwa karibu kufika mwisho. Akageuka, akarudi mbio akimlaani mume wake kwa moyo wote, akakigusa, pip, akamaliza.

Kipketer alibonyeza saa yake. "Dakika nne zikiisha Wangu hajafika, kikombe ni chako."

Eucabeth alisimama, mikono magotini. Dakika moja. Sitati akimpepea kwa kofia. Dakika mbili. Dakika tatu, na leleshwa imetulia kimya. Sitati alianza kutabasamu.

Ndipo Wangu akachomoza kutoka korongoni. Goti lake lilikuwa linavuja damu, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Alikuwa akijikokota, anatazama chini, kama mtu aliyekwisha kata tamaa.

"Wangu!" Eucabeth alipiga kelele. "Bado! Bado, Wangu! Kimbia!"

Wangu aliinua kichwa. Akakimbia. Eucabeth alikuwa akiruka pale pale, akipiga makofi, akipayuka kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, mpaka yule mwanamke mfupi akaanguka mstarini mbele ya miguu yake.

"Dakika tatu na sekunde hamsini na saba," alisema Kipketer.

Sitati alimshika mke wake bega. "Sasa ulimwita wa nini?"

"Sijui, Baba Joyline. Mdomo ulienda wenyewe."

Chini kwenye vumbi, Wangu alikuwa amelala chali akicheka bila pumzi. Eucabeth akaketi kando yake, naye akashindwa kujizuia.

Baadaye, kwenye kibanda cha nyama kando ya barabara, walikula mbavu za mbuzi huku kikombe cha Wangu kimesimama kati ya sahani kimejaa kachumbari. Wangu alitandaza ramani mezani. "Nilikuona kwa mbali, ukiwa juu ya mlima. Mimi nilikuwa bado nazunguka na barabara. Ulipitia wapi?"

Eucabeth alimwonyesha kwa ukucha.

"Hapo hapapitiki."

"Panapitika."

"Aki nionyeshe."

Sitati alisema nyama itapoa. Hawakumsikia. Walikuwa wamekwisha vuka barabara, mmoja anachechemea, mwingine amemshika kiwiko, ramani imefunguliwa kati yao, wanaingia tena kwenye leleshwa.