Bonde la Jovina

Gereji yangu iko Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, nyuma ya mashine ya kusaga, na ukiniuliza kama nimewahi kuiba nitakasirika. Nitakwambia fundi haibi, fundi anaazima. Ndivyo tunavyosema wenyewe. Pikipiki ya mtu ikilala gerejini wiki mbili ikisubiri kifaa, na mwingine akaja ana haraka ya kuwahi Laela, unafungua plagi ya anayesubiri unamfungia mwenye haraka. Utarudisha. Na mara nyingi kweli unarudisha, kwa sababu mwenyewe anakuja kuulizia.

Mzee Zenon hakuja kuulizia. Yake ilikaa miaka sita.

Ilikuwa Honda CG ya zamani, nyekundu, ya mwaka themanini na ushei, ile ambayo bati la tangi lake ukiligonga linajibu. Alikuwa katekista wa parokia ya Kaengesa, na kwa pikipiki hiyo alizunguka vigango vyote vya huko, mvua na jua, mkewe Jovina, ambaye sote tulimwita Mama Jovina, nyuma. Aliniletea nimbadilishie ringi za pistoni. Kabla sijamaliza, presha ya macho ikamfunga macho yote mawili. Binti yake, Cornelia, akawachukua yeye na mama yake waje kuishi kwake hapa Mazwi. Mzee alikuja mwenyewe kuniambia, akishikwa mkono na mkewe.

"Siiuzi, Leonsi," alisema. "Itunze kama ya kwako."

Nikaitunza kama ya kwangu hasa. Balaa ni kwamba bodaboda zote hizi tunazopanda zimefuata muundo wa Honda ile ile, kwa hiyo ukifungua kitu kwa mzee kinaingia kwa kijana bila ubishi. Nilianza na kabureta. Ikafuata koili, zikafuata shokapu za nyuma, taa, mnyororo, gurudumu la mbele. Kila nilipofungua kimoja nilisema nitarudisha, na nikakifunika kilichobaki kwa turubai. Kipofu haoni, nilijiambia. Naandika maneno hayo kwa mkono wangu ili nisiweze kuyakana tena.

Cha mwisho kuondoka kilikuwa tangi. Meshack, mchuuzi wa migebuka wa Wampembe, lake lilikuwa limetoboka kwa kutu na samaki walikuwa wanamsubiri ziwani. Nikamfungia la mzee.

Na tangi lile halikuwa tangi tu. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, palikuwa na mbonyeo. Miaka ya mwanzo ya ndoa yao, Mama Jovina alitaka kujifunza kuendesha. Akapanda na kitenge chake, akaachia klachi, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya baraza la parokia, tangi likaigonga kwa ubavu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alikataa tangi lisinyooshwe kamwe. Waliliita Bonde la Jovina, na Kaengesa nzima ilijua hadithi hiyo. Mzee alipoendesha barabara nzuri, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukishuka wenyewe mpaka kwenye bonde lile, kidole gumba kinakaa humo. Nimemwona kwa macho yangu. Nililijua hilo siku niliyofungua zile nati, na bado nilizifungua.

Mwaka jana Mama Jovina alifariki, akazikwa Kaengesa. Mwezi wa sita mwaka huu Cornelia akaja gerejini.

"Kaka Leonsi, mwezi ujao tunasimika msalaba kwenye kaburi la mama. Baba anataka aende na pikipiki yake. Nimemwambia nimekodi gari, Noah, hataki. Anasema mama alimfuata kila mahali juu ya pikipiki ile, na yeye hawezi kumfuata mama kwa Noah."

"Ataendesha nani?" niliuliza, kama vile hilo ndilo tatizo.

"Wewe. Amesema hamwamini mwingine. Wiki tatu zinatosha?"

"Zinatosha," nikasema. Nilikuwa nimesimama mbele ya turubai. Chini yake kulikuwa na fremu, injini na gurudumu moja.

Alipoondoka nilikaa juu ya tairi bovu. Ningeweza kumwita arudi nimwambie palepale, na isingenigharimu ila aibu ya siku moja. Nikaona bora nikusanye kwanza.

Wiki mbili nilizunguka Sumbawanga nikiomba vitu nilivyovifunga mwenyewe. Sijui kama umewahi kumsimamisha mteja wako barabarani ukamwambia, naomba kabureta yangu nikupe mpya. Christopha, dereva wa bodaboda wa stendi, alicheka mpaka wenzake wakasogea.

"Fundi, ulisema hii ni orijino imetoka Dar!"

"Nilisema."

"Sasa ya nani?"

"Ya Mzee Zenon."

Wakaacha kucheka. Mmoja wao alikuwa amesoma mafundisho ya kipaimara kwa mzee huyo. Alinitazama, akatema mate pembeni, kisha akainama akaanza kuifungua kabureta yeye mwenyewe, asinipe nafasi ya kuigusa. Nikapokea. Taa niliipata kwa mtu wa Kizwite, shokapu kwa fundi mwenzangu aliyenicheka kimoyomoyo maana na yeye ana turubai lake. Kila kitu nilikisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Pikipiki ikaanza kurudi, na mimi nikaanza kujisifu kidogo, kama ilivyo tabia yangu.

Likabaki tangi. Nikateremka Wampembe.

Barabara ya kushuka ziwani si ya kuihadithia. Nilifika mchana, vumbi mpaka ndani ya kope, nikaulizia kwa Meshack. Nilimkuta mkewe, Margareth, barazani kwake anakaanga samaki. Meshack alikuwa ziwani, na pikipiki yake ilishakufa mwaka uliopita, imeuzwa kwa vipande.

"Na tangi lake, shemeji? Lile jekundu?"

Margareth alionyesha kwa mwiko. Nikatazama chini ya karai la mafuta. Jiko. Fundi wa bati alilikata tangi katikati, akatoboa matundu ya hewa, akaliwekea miguu ya nondo. Rangi nyekundu ilikuwa imeungua, imebaki kwenye ukingo tu. Na ubavuni, juu ya mkaa unaowaka, lilikuwapo Bonde la Jovina, jeusi kwa masizi.

"Jiko zuri sana," Margareth akasema. "Bati la siku hizi lisingevumilia."

Nilikwenda sokoni nikamnunulia jiko jipya kubwa kuliko lile. Alishangaa, akadhani nimerukwa na akili, lakini alimwaga mkaa akanipa lile. Nililifunga kwenye gunia. Fundi wa kuchomelea mjini aliligeuza mara mbili tu.

"Hili limeshaiva, Leonsi. Ukiligusa na moto tena linatoboka. Halitashika mafuta milele."

Basi nikaenda Tunduma. Kule mpakani kuna mzee anauza vyuma vya zamani, na kwake nikapata tangi la Honda ile ile, umbo lile lile, bati lile lile zito. Nililipaka rangi nyekundu. Lilipendeza. Lilikuwa laini pande zote mbili, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kila nikilikumbuka najikuna shingo.

Nilichukua boliti kubwa nikaizungushia kitambaa. Nikaiweka ubavu wa kushoto, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye kifuniko. Nikapiga nyundo. Nikapima kwa kidole gumba, halikutosha. Nikapiga tena. Mara ya tatu kidole kikakaa. Nikapaka rangi juu yake, nikasugua kwa msasa mlaini ili lionekane limezeeka, kisha nikacheka mwenyewe kwa ufundi wangu. Lile jiko nililitupa ndani ya sanduku la spana, kwenye gunia lake. Sikuwa na moyo wa kulitupa jalalani.

Siku moja kabla ya safari niliipeleka kwa Cornelia. Julai huku kwetu ina baridi ya kukata mfupa, na mzee alikuwa uani kwenye kigoda, amevaa koti zito, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilizima injini getini. Alikuwa ameshaisikia, amesimama tayari, fimbo imeanguka.

Nilichuchumaa nikapiga makofi ya salamu, taratibu, kama tunavyowasalimia wakubwa Ufipa. "Shikamoo, baba."

Na yeye akanijibu kwa makofi. "Marahaba, mwanangu. Nipeleke."

Nikamshika mkono. Alianza na taa, akazungusha kidole kwenye kioo chote. Akashika usukani, akabonyeza klachi, akatabasamu. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe. Nilitaka kuutazama na nilitaka kukimbia. Kidole gumba kikatafuta, kikatelezea ndani, kikakaa.

"Jovina," akasema.

Kisha akaomba tumwache peke yake. Cornelia akanivutia jikoni, akaniwekea ugali wa ulezi na maharage. Alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Kaka Leonsi, tangu mama afariki hajalitaja jina lake. Hata kwenye sala anasema 'yule mwenzangu'. Mungu akubariki."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na sauti ya mzee ilikuwa inaingia. Alikuwa anamweleza mkewe. Alimwambia ulezi wa mwaka huu umekubali, Cornelia anamtunza vizuri, paka wake amezaa. Alimwomba msamaha kwa ile siku mama alipougua, kwamba alichelewa kuita gari kwa sababu hakuona jinsi alivyobadilika rangi. "Ningekuwa na macho ningeona," alisema. Alisema hivyo mara mbili. Aliyasema yote hayo mkono ukiwa juu ya tangi la Tunduma, kidole ndani ya bonde nililolipiga juzi kwa boliti na kitambaa.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Aibu hii haikuwa ile ya stendi, ya kuchekwa na watu. Hapa hakuna aliyenicheka, walikuwa wananibariki.

Nilipotoka jikoni kurudi uani, mzee alikuwa ametulia, uso umelainika.

"Leonsi, kesho baada ya misa nitaomba nafasi kwenye matangazo. Nataka watu wajue Mazwi kuna fundi mwaminifu. Miaka sita! Mwingine angeniuzia hata boliti."

Nilikwenda kwenye sanduku la spana, nililokuja nalo nyuma ya pikipiki, nikatoa gunia. Nikalifungua, nikachuchumaa mbele yake, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya lile bati lililoungua.

"Baba, bonde la mama ni hili."

Vidole vyake vikapita kwenye matundu, kwenye ukingo uliokatwa, kwenye masizi. Vikafika kwenye mbonyeo. Kidole gumba kikaingia, na nikaona kosa langu la ufundi: bonde la kweli lilikuwa na kona kwa chini, pale lilipogonga pembe ya nguzo, na kidole chake kilijipinda chenyewe kuifuata. La kwangu lilikuwa duara.

"Niliuza tangi, baba. Niliuza vyote, nikavirudisha. Hili nililikuta Wampembe limekuwa jiko. Hilo la kwenye pikipiki nimelinunua, nikalibonyeza kwa nyundo."

Cornelia alikuwa mlangoni ameshika sahani yangu. Mzee alilivuta bati kifuani, masizi yakamchafua koti.

"Kwa hiyo muda wote ule," akasema mwishowe, "nilikuwa naongea na nyundo yako."

Nilipiga makofi ya kuomba radhi. Nikapiga tena. Hakunijibu.

"Linyooshe," akasema.

"Baba?"

"Ulilolipiga. Linyooshe hapa hapa, nikisikia."

Nililifungua tangi, nikamwaga mafuta kwenye dumu, nikaingiza chuma kilichopinda kupitia mdomo wa tangi, nikaanza kusukuma kwa ndani huku nikigonga nje. Bati zito lile lina sauti. Majirani walichungulia juu ya uzio wa mabanzi, mmoja akauliza kuna nini, na mzee akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi anarekebisha uongo wake." Nikaendelea kugonga. Kila nilipopumzika aliuliza kama limekwisha, akaja akalipapasa mwenyewe, akasema bado. Lilipokuwa laini aliondoa mkono na hakulishika tena. Nikalifunga mahali pake, nikarudisha mafuta.

Asubuhi nilifika nikiwa na uhakika nitaikuta Noah getini. Haikuwapo. Mzee alikuwa amevaa suti yake ya ukatekista na lile bati lililoungua ameshalisafisha kwa maji na majivu, amelizungushia kitenge cha marehemu.

"Tuondoke," akasema. "Niliahidi nitakwenda na pikipiki hii. Sikuahidi nani ataiendesha, lakini wewe ndiye unayeijua kiki yake."

Nilipiga kiki, ikawaka kwa pigo la kwanza. Cornelia alimsaidia kupanda. Abiria wote hunishika kiuno, hata wanaoniogopa. Mzee alikaa wima nyuma yangu, mikono yote miwili amelikumbatia bati lake kifuani. Mwili wake haukugusa mgongo wangu.

Barabara ya Kaengesa mwezi wa saba imejaa makorongo ya mvua iliyopita. Kila tulipofikia moja nilipunguza mwendo mpaka wa miguu, nikamwambia, "Baba, hapa kuna shimo, nishike." Alisema, "Nimesikia." Pikipiki ikayumba, nikamsikia akiteleza kidogo kwenye siti, na nikangoja mkono wake. Alizidi kulikumbatia lile bati. Tulikwenda hivyo mpaka kaburini.