Konzi Moja ya Maharagwe

Kwa wananchi wote wa Meru, kwa ndugu zangu wa Embu, na kwa yeyote aliyewahi kukaa akafikiri: mimi, Mwaniki wa Kidato cha Tatu, natangaza kwamba muhula huu nimelijaribu kwa vitendo fumbo lililowasumbua wanafalsafa tangu enzi za Wagiriki. Maabara yangu ilikuwa jiko la shule. Hakuna jopo lililoniteua. Nilikuwa kwenye adhabu ya kuchambua maharagwe kila jioni, kwa kosa la kugonga kengele ya kulala kabla ya wakati, hata mwalimu wa zamu mwenyewe akaenda kulala.

Falsafa ililetwa shuleni kwetu na Mwalimu Ruguru, aliyekuja kufanya mazoezi ya ualimu. Kila Ijumaa alasiri, wenzetu wakiwa uwanjani, sisi wachache tulikaa darasani kusikia jinsi fikra za Magharibi zilivyoanza. Mgiriki mmoja alisema asili ya kila kitu ni maji. Mwingine akasema ni moto. Karne nyingi baadaye Mfaransa mmoja akaamua kutilia shaka kila kitu, hata mikono yake mwenyewe. Huyo nilimpenda. Nilimweleza mwalimu wa hesabu kwamba natilia shaka kuwepo kwa zoezi alilotupa, naye akanithibitishia kwamba lipo, tena mara mbili.

Lakini lililoninyima usingizi ni lundo. Una lundo la nafaka. Ondoa punje moja, bado ni lundo. Ondoa nyingine, bado. Hakuna punje moja inayoweza kuligeuza lundo likawa si lundo. Basi endelea kuondoa mpaka ibaki moja. Mwalimu Ruguru alituuliza lundo liliisha lini, kengele ikalia, akatuacha hivyo hivyo. Falsafa ina tabia ya upupu: inakuwasha na haikukuni.

Nilijikuna kwa githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe tuliolishwa kila siku. Nilimwambia jirani yangu wa bweni, Kobia, kwamba maharagwe yakipunguzwa kidogo kidogo, shule nzima haitajua siku ambayo githeri iligeuka kuwa mahindi ya kuchemsha.

"Nyinyi watu wa Embu mnafikiri Wameru hawana macho," alisema Kobia. "Siku ya tatu tu watashtuka."

Tukawekeana sharti: atakayeshindwa atamfulia mwenzake soksi mpaka shule ifungwe. Waliowahi kunusa soksi za Kobia wataelewa kwamba sikuwa nafanya mzaha.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mpishi wetu, Anti Gladys, alipima maharagwe ya kesho kwenye karai, akaniwekea mbele nitoe mawe, kisha akageukia sufuria zake. Kila jioni nilichota konzi moja zaidi ya jana na kuirudisha ndani ya gunia stoo. Sikuiba hata punje. Niliyahamisha tu, kwa ajili ya elimu.

Siku ya tatu hakuna aliyeshtuka. Wiki ilipita. Mwendwa wa Kidato cha Pili alipata haragwe kwenye sahani yake, akasimama na kulitambulisha kwa meza nzima kama mgeni wa heshima. Tulicheka. Halafu kicheko kikaanza kuchacha. Wavulana walikuwa wakitoka mezani na njaa, na mvulana mwenye njaa hatulii. Vijiko viligongwa kwenye sahani. Viranja walizomewa gizani. Mtu aliandika ubaoni kwamba ng'ombe wa shule wanakula vizuri kuliko sisi. Bweni likawa linavuma kama mzinga uliopigwa teke, nami nikalala nikigeuka huku na huku, nikijiambia kwamba kesho nitaacha. Kesho ilipofika nilijiuliza konzi moja itadhuru nini.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, hakuna aliyechukua sahani. Shule nzima ilikwenda kukaa uwanjani, ikanyamaza. Kimya kile kilimtisha Mwalimu Mkuu, Bwana Ndambiri, kuliko kelele. Alimtuma mhasibu, Bwana Kinoti, akague stoo, naye akakuta magunia yaliyopaswa kuwa yamekwisha bado yamesimama. Tukaitwa ukumbini.

Bwana Kinoti alieleza, kwa furaha ya mtu aliyesubiri siku hiyo, kwamba mpishi amekuwa akipima pungufu ili abaki na maharagwe ya kuuza. Bwana Ndambiri alimwambia Anti Gladys aache funguo na aondoke siku hiyo hiyo. Anti anatoka upande wa Kiambere, ambako mvua imewatupa, na watoto wake wawili wanasomeshwa na mwiko ule. Alifungua kamba za aproni yake polepole. Alisema tu kwamba alipima, na Mungu alimwona akipima. Kisha akaweka funguo mezani.

Kobia alinikanyaga mguu. Nikisema, nitarudishwa nyumbani Embu kwa mama, ambaye ni shemasi na hana mzaha. Nikinyamaza, anti anapanda gari jioni. Nikaona njia ya tatu, ya kishujaa: falsafa. Nikanyoosha mkono.

Niliwaambia kwamba huenda hakuna mwizi. Nilieleza lundo. Niliuliza kama konzi moja ikirudishwa guniani jioni, githeri inaharibika. Haiharibiki. Na konzi mbili kesho yake? Wavulana walianza kutikisa vichwa. Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Nikahitimisha kwamba hakuna jioni hata moja ambayo mtu angeweza kusema kosa limetendeka, kwa hiyo anti arudishiwe funguo zake.

Mwalimu Ruguru alisimama kule nyuma.

"Mwaniki, Bwana Kinoti amesema anti alipima pungufu," alisema taratibu. "Nani amekuambia yalipimwa sawa, halafu yakarudishwa? Na habari ya konzi umeitoa wapi?"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Ulianza lini kumkosea huyu mama?" aliuliza Bwana Ndambiri.

Nilitaka kumjibu kwa hoja, kwa kuwa hilo ndilo fumbo lenyewe. Lakini Anti Gladys alikuwa ananitazama, aproni imekunjwa mkononi, na hakuonekana kukasirika. Alionekana tu kuchoka.

"Sijui ilikuwa jioni gani, mwalimu," nilisema. "Alipoweka funguo hapo mezani ilikuwa imeshapita zamani, na mimi nilikuwa bado nimekaa." Kisha nikamgeukia. "Anti, ulipima sawa. Kila siku ulipima sawa. Ni mimi niliyekuwa nikiyarudisha."