Chenga za Dawa ya Kikohozi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wauzaji wa kampuni ya dawa hawajatawanyika mahospitalini, Bosi alivaa koti jeupe lililombana tumboni akajifanya daktari. Wao wakapanga foleni kumbembeleza aandikie wagonjwa dawa yao.

"Na madhara yake?" aliuliza, amekunja uso.

Hapo ndipo mtu alipopimwa, maana kujibu kulikuwa mwiko. Ulipaswa kutabasamu, umuulize daktari habari za watoto wake, umchomekee kalamu yenye nembo mfukoni, kisha uhamie kwenye ladha ya stroberi. Mbinu hiyo Bosi aliiita chenga. Na katika timu nzima hapakuwa na mpiga chenga kama yule binti waliyembandika jina la Cherehani, kwa jinsi mdomo wake ulivyokimbia.

Ndiyo maana alichaguliwa yeye kuizindua dawa mpya ya kikohozi mbele ya madaktari wa watoto.

"Ukiwalainisha," Bosi alimwahidi, "kesho yake wewe ndiye kiongozi wa timu."

Asubuhi ya uzinduzi, Cherehani akijipaka wanja, dada yake alimtokea mlangoni na kichanga chake kimemlalia begani, kinakohoa.

"Mdogo wangu, nimpe mwanao ile dawa yenu?"

"Thubutu! Mtoto mdogo hivi inamlaza mpaka pumzi inapungua. Mpeleke kliniki."

Dada akamkazia macho. "Kumbe unajua. Na akina mama wengine, nani anawaambia?"

Cherehani alitia wanja mkobani, akatoka mbio. Kwa mara ya kwanza, uzi ulikatika.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Juu ya kila kiti palilazwa mwavuli wenye nembo ya kampuni, zawadi. Alianza na stroberi, akaisifu mpaka madaktari wakameza mate. Ndipo mama mmoja wa makamo, daktari aliyekaa mstari wa mbele na miwani ikining'inia kifuani, akanyoosha mkono.

"Na madhara yake?"

Pembeni, Bosi akagusa tai yake. Ndiyo ilikuwa ishara: piga chenga.

"Daktari, watoto wako hawajambo?" Mazoea yalimponyoka.

"Sina watoto. Kila muuzaji wenu ananiulizia hao watoto. Wa juzi hata kanipa salamu zao!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bosi akaivuta tai kama anayejinyonga.

Cherehani akaiweka chupa mezani. Akamkumbuka dada yake pale mlangoni.

"Dawa hii inalaza," akasema. "Mtoto wa chini ya miaka miwili inaweza kumpunguzia pumzi. Asipewe. Kampuni inajua, na sisi tumefundishwa kuwasalimia watoto wenu tukiulizwa. Mtoto wa dada yangu anakohoa, nami asubuhi hii nimemkataza mama yake asimpe. Siwezi kuwaambia nyinyi jingine."

Kisha yule daktari akainuka, akachukua mwavuli wake, akaenda kuutua miguuni pa Bosi.

"Mvua ikininyeshea, nitalowa."

Wa pili akainuka. Wa tatu. Miavuli ikarundikana mpaka Bosi akawa hana pa kukanyaga.

"Kuanzia leo," daktari akatangaza, "akija muuzaji wa kampuni hii, mlango wangu namfungulia huyu binti tu."

"Na wangu!"

"Wangu pia!"

Makofi yakalipuka. Bosi akapiga mahesabu haraka: kumfukuza huyu ni kujifungia milango yote. Akairuka miavuli, jasho likimchuruzika, akamnong'oneza, "Umenivua nguo hadharani! Waombe radhi, sema umechanganyikiwa. Uongozi wa timu bado ni wako."

Cherehani akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Bosi wangu anataka niombe radhi," akasema, kwa sauti iliyowafikia hata wapishi jikoni. "Siombi."