Marashi Juu ya Bustani

Tuhfa alikuwa kapata, jamani! Mchoraji wa vitabu vya watoto pale Ngamiani, miaka nenda rudi anachora sungura kwenye hadithi za watu, leo kapewa kitabu chake mwenyewe. Bustani mwanzo hadi mwisho, kwa rangi za maji. Na bustani yenyewe si ya kubuni, ni ya bibi yake, Bi Mwatum, kule Nguvumali: asumini, mrehani, vilua, mlangilangi umeinamia kisima. Tuhfa alichora picha zake wakati mjomba ameshauza kiwanja, katapila liko nje linangoja. Sasa hivi pale pana zege, basi. Na bibi, anayekaa kwa Tuhfa sasa, kumbukumbu imemhama. Akiziona zile picha tu ndipo hurudi, akaanza kutaja, huu nilipanda mimi, ule alipanda babu yako.

Tuhfa hakuzipiga hata picha ya simu. Kazi haijakamilika huionyeshi, jicho la watu baya. Alizitandaza mkekani, akaenda stendi kumpokea Castory, mtu wa wachapishaji, njia nzima anacheka peke yake.

Wanarudi, nyumba inanukia kama kuna harusi.

"Shikamoo bibi," Castory akasema.

"Marahaba, baba, karibu. Tuhfa, nimeyaona maua yangu! Na macho haya mabovu! Ila hayanuki, mwanangu. Ua lisilonuka ua gani? Nimekutilia marashi."

Mrashi wa kunyunyizia bado uko mkononi mwake. Mkekani, kijani kimeingia kwenye wekundu, kisima kimekuwa doa, na asumini, ambazo zilikuwa weupe wa karatasi tu, zimemezwa na tope la rangi.

Castory akakohoa. "Zinachoreka tena, dada? Nikuombee wiki?"

"Zinachoreka! Mkono si uleule? Na bibi yupo, atanisimulia." Tuhfa akachutama haraka, karatasi mpya, penseli. "Bibi, kulia kwa kisima palikuwa na vilua au mrehani?"

Bibi alikuwa anamrashia Castory mabegani, kama mgeni anavyostahili.

"Kisima gani, mwanangu?"

"Chetu, bibi. Cha Nguvumali."

"Nguvumali," Bi Mwatum akarudia taratibu, kama anataja mtoto wa jirani. "Huko nina nani?"

Tuhfa akamsogezea picha moja, ambayo haikuharibika sana kama nyingine. Bibi akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nani kamwaga chai hapa?"

Castory, mabega yananukia, akaangalia saa.