Akiba ya Sauti ya Orrin

Kila Orrin alipomaliza kusoma sentensi, mkewe Marlys aliikodolea macho kompyuta kama mtu anayechungulia sufuria ya maziwa yasimwagike. Ikitokea alama ya kijani, sentensi imekubaliwa. Ikitokea nyekundu, kuna kelele, rudia. Na tangu waanze, nyekundu zilikuwa zinatoka kama upele.

"Bata mweupe alipanda ngazi za shule," Orrin alisoma.

Nyekundu.

"Hata mimi ningeikataa," alisema. "Bata gani huyo mwenye haja ya kwenda shule?"

"Soma, mzee. Usibishane na mashine."

Siku ya Jumatatu Orrin alitakiwa aingie hospitali kutolewa zoloto, kile kidude cha kooni kinachotoa sauti. Saratani ilikuwa imeota humo, na daktari hakuzunguka mbuyu: uhai utabaki, sauti itakwenda. Lakini Mai Yer, binti wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kusema upya, aliwapa tumaini. Orrin asome sentensi nyingi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ziwe safi bila kelele, na wataalamu watamtengenezea sauti iliyofanana na yake. Baadaye ataandika maneno kwenye kidude cha mkononi, na kidude kitasema kama Orrin. Asipowahi kabla ya Jumatatu, kidude kitasema kwa ile sauti kinayokuja nayo kutoka dukani.

Marlys alikuwa ameisikia sauti hiyo ya dukani. Ilikuwa kama ya mtu anayetangaza kwamba ndege imechelewa. Hakuwa tayari kuzeeka na mtu huyo.

Basi waliisaka kelele nyumba nzima. Marlys alichomoa friji, samaki wa ziwani akawafukia kwenye theluji nyuma ya nyumba. Akazima mashine ya joto iliyokaa chini ya sakafu, wakabaki jikoni na makoti yao mazito, Minnesota ya Januari ikiwauma vidole. Saa ya ukutani aliibeba hadi gereji. Mbwa alipelekwa kwa jirani, akiangalia nyuma kama mtoto aliyefukuzwa shule. Mablanketi yote ya viraka aliyoshona mama yake aliyatundika kuzunguka kona ya meza, mpaka dirisha likafunikwa, na pale kona pakawa kama hema. Kisha akaketi kando ya mumewe, mikono mapajani, kimya kuliko kanisa siku ya kazi.

Nyekundu.

Kilichomshangaza ni utulivu wa Orrin. Huyu ni mtu aliyeweza kugombana na kopo la mahindi. Lakini siku hizo alirudia sentensi zilezile bila kunung'unika, na kila Marlys aliponyanyuka kwenda kutafuta kelele kwingine, alimshika mkono wa koti.

"Kaa hapa, bibie. Itakubali tu."

Jumamosi ikafika, na za kijani zilikuwa bado chache mno. Marlys alimtumia Mai Yer vipande kadhaa, kisha akampigia simu. Binti alisikiliza, akasikiliza tena.

"Bibi Marlys, kuna mluzi. Mwembamba sana. Unakuja, unakwenda, unakuja, unakwenda. Alipokuwa anasoma, kulikuwa na mtu mwingine karibu?"

Marlys aligusa pua yake.

Pua ile ilivunjika alipokuwa msichana, akicheza mpira wa magongo kwenye barafu ya ziwa. Iliunganika upande, na tangu hapo hakuwahi kuifikiria. Pua ni yako, utaisikilizia nini?

Alikata simu. Akamgeukia mumewe polepole.

"Ulijua?"

Orrin alitazama meza.

"Orrin. Ulijua kuwa ni mimi?"

"Nimelala kando ya filimbi hiyo tangu tuoane. Ningekosaje kuijua?"

"Na ukaniacha nibebe saa mpaka gereji! Nikafukia samaki! Nikamfukuza mbwa!"

"Mbwa alikuwa anataka matembezi."

"Mungu wangu, mzee huyu! Jumatatu ni keshokutwa, wewe unanionea haya?"

"Si haya." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, akakohoa kwanza. "Ningesema, ungetoka. Na mimi sijui kuongea na ukuta, Marlys. Sijawahi."

Marlys alimtengenezea kola ya koti, ingawa haikuwa na kasoro, akaenda chumbani, akafunga mlango na kuketi kitandani.

Aliporudi, skrini ilikuwa imejaa kijani. Alifurahi hadi alipovaa visikilizio. Sauti ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na kama sahani hiyo, haikuwa na kitu ndani. Kila neno lilikuwa mahali pake, ila Orrin hakuwepo. Alikuwepo yule wa ndege iliyochelewa.

"Mbaya?" Orrin aliuliza.

"Kama unasoma risiti."

"Nilikuambia."

Marlys alisimama katikati ya jikoni mwake mlimozimwa kila kitu, akiwaza. Akiwemo, sauti ni chafu. Asipokuwemo, sauti imekufa. Macho yake yakaangukia blanketi lililofunika dirisha. Dirisha la vioo viwili, kama la nyumba zote za huko. Orrin aliliweka mwenyewe, na kwa majira mengi ya baridi alijisifu kwamba hata upepo wa ziwani haupati pa kupenya.

Alichukua pini, akakunja pembe ya blanketi mpaka likabaki tundu la ukubwa wa sahani, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Akavaa suruali na koti la mumewe la kuvulia samaki kwenye barafu, vyote vikimpwaya kama gunia juu ya kijiti.

"Unakwenda wapi?" Orrin aliuliza.

"Kuongea na wewe."

Alizunguka nyumba, theluji ikimfika magotini, akapindua ndoo ya samaki chini ya dirisha, akaketi. Uso wake ukajaa kwenye tundu, pua imebandikwa kwenye kioo, mashavu yote mekundu. Hakusikia kitu. Aliona tu mumewe akimtazama, mabega yakicheka kabla ya mdomo. Akamwashiria kwa mkono wenye glavu: haya, sema.

Orrin alimsomea habari za bata. Marlys hakulisikia neno hata moja, lakini aliijua ile midomo. Alimwona bata akipanda ngazi moja moja kwa maringo, akacheka mpaka kioo kikapata ukungu. Orrin akainua kidole gumba.

Kijani.

Wakaendelea hivyo, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada. Alikuwa akiingia kupasha miguu na kunywa kahawa ya chupa, kisha anarudi kwenye ndoo yake. Jirani alipita na mbwa, akamwona mama mtu mzima kabandika uso dirishani kwake mwenyewe, akaamua kutouliza. Watu wa huko hawaulizi.

Jumapili jioni ilibaki sentensi moja tu. Lakini Marlys hakuhisi tena vidole, akajikokota ndani, akausukuma mlango wa jikoni kwa bega na kusimama pale akihema, baridi yote ya ziwa ikiingia pamoja naye.

"Funga mlango, bibie!" Orrin alifoka. "Tunapasha joto Minnesota nzima?"

Ndivyo alivyofoka kila majira ya baridi ya ndoa yao, hata siku ambayo, kama hii, hapakuwa na joto lolote la kupotea. Wakacheka wote wawili. Mashine, iliyokuwa inangoja sentensi ya mwisho, ikarekodi hiyo badala yake.

Nyekundu.

Jumatatu asubuhi, kabla Orrin hajaingizwa chumba cha upasuaji, Mai Yer alikuja kando ya kitanda chake.

"Sauti imepatikana, nzuri sana," alisema. "Na ile ya mlango inaweza kuwekwa kwenye kidude vilevile ulivyoisema, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ila ina ule mluzi. Niusafishe?"

"Usiuguse," Orrin alisema.

Ilipofika Machi, barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kulainika kingoni. Marlys alirudi kutoka dukani, mifuko mikono yote miwili, akausukuma mlango kwa mguu na kuuacha wazi nyuma yake.

"Funga mlango, bibie! Tunapasha joto Minnesota nzima?"

Alisimama. Na nyuma ya sauti ile, nyembamba, inakuja, inakwenda, akasikia pumzi yake mwenyewe.

Orrin alikuwa mezani, kitambaa shingoni, kidole juu ya kitufe. Marlys hakusogea, mlango bado wazi.

Orrin akabonyeza tena.